Fangasi wa mguu wa kaka yangu wamezoea dawa, tumeambiwa kuna peptidi

Wakuu, heshima kwenu. Mlionizidi umri, shikamooni.

Haya sijasimuliwa na mtu, ninayaona kwa macho yangu kila siku, na sina raha kabisa.

Kaka yangu Masanja ni mchimbaji wa dhahabu kwetu Geita. Mwaka juzi jiwe lilimchana unyayo akiwa ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia. Kidonda kidogo tu.

Sasa duara lilikuwa linatoa dhahabu, na wachimbaji mnawajua. Mganga wao alishawapa masharti: duara likitoa, hakuna kunawa miguu mpaka mzigo uishe, eti bahati inaoshwa. Kaka akakaa na kidonda ndani ya buti lenye tope.

Nikimwambia aende zahanati ananijibu, "Mama Kulwa, we unataka tufe njaa?"

Mguu ukavimba, ukaanza kutoa usaha wenye punje nyeusi. Duka la dawa wakasema fangasi, wakampa vidonge. Usaha ukikauka anaacha dawa, anarudi duarani. Ukianza tena, anameza tena. Zaidi ya mwaka mchezo ni huo huo.

Miezi michache iliyopita nikampeleka hospitali Mwanza. Vipimo vikaonyesha fangasi wamefika kwenye mfupa, na dawa wameshaizoea. Wakajaribu nyingine kali, ini likagoma.

Nikambana daktari, kwani duniani hakuna kingine? Ndipo akanieleza kuhusu antimicrobial peptides, yaani peptidi zinazoua vimelea. Ni vipande vidogo vya protini, hata miili yetu inavitengeneza, hata ngozi ya chura. Vingi vinatoboa utando wa fangasi, vya ndani vinavuja, anakufa. Hata wale sugu.

Wakuu, nilifurahi mpaka nikamshika kaka mkono.

Kaka akauliza, "Inauzwa wapi dokta? Hata kama ni Nairobi tutafuata."

"Bado iko maabara, mzee. Kwa ugonjwa wako hawajaanza kuwapa watu."

Nilitamani asingetuambia kabisa.

Nilichojifunza: fangasi si ugonjwa wa kuchekea. Ukipewa dozi maliza, na mganga asikukataze kunawa mguu wako mwenyewe.

Jumatatu kaka anakatwa mguu, chini ya goti. Kama kuna mkuu anajua mahali hizi peptidi zinajaribiwa kwa wagonjwa, aandike hapa kabla ya siku hiyo. Hata wa kunikosoa karibuni.

Niko naye hapa wodini. Ameshaanza kuniuliza kama kuna aliyejibu, na uzi huu wenyewe bado sijautuma.