Mama wa Masale

Huku kwetu milimani, watu wakigombania shamba wanamwita Mama wa Masale. Anakuja na jembe lake la mpini mfupi na mzigo wa masale, ile mimea ya kupanda mpakani, kucha zimejaa udongo, sauti ni ileile kwa tajiri na kwa mjane. Hapimi kitu. Anamkabidhi mmoja masale agawe, kisha mwenzake anatangulia kuchagua upande. Basi.

Mwaka ule wa vijiji vya ujamaa alikuja bwana shamba mgeni, akachomeka masale kuufuata mto. Bonde lote lenye maji likawa shamba la ofisi, sisi kina mama tukaachiwa mawe ya juu. "Ni amri," akasema. Yule mama akayang'oa yote, akamrudishia mkononi.

"Gawa upya, mwanangu, utakavyo. Ila watakaotangulia kuchagua ni hawa."

"Unapinga serikali?"

"Ningekuwa napinga, ningekunyima masale."

Akaketi juu ya jiwe, akaanza kukwangua udongo kwenye jembe. Bwana shamba aliutazama mto, akayatazama mawe, akatutazama sisi. Kisha akainama, akachomeka sale la kwanza ukingoni mwa maji, na safari hii mstari wake ukaelekea juu mlimani, kila upande ukiugusa mto.