Ndege wa Mzee Darubini

Baba yangu alikufa na ndege masikioni.

Usicheke. Ngoja nikueleze.

Mzee alikuwa mhandisi wa mitambo ya kufua umeme. Ujana wake wote uliishia kwenye majenereta yanayonguruma mpaka sakafu inatetemeka.

Alipostaafu tukadhani atajilalia kwenye kochi. Wapi! Kila asubuhi darubini shingoni, huyoo, msituni kutazama ndege. Mtaani wakambandika jina, Mzee Darubini. Siku akimkosa ndege aliyemfuata, usimsemeshe, kanuna kama mtoto aliyenyimwa peremende.

Halafu kiharusi kikamwangusha.

Mimi ndiye kitinda mimba, naishi mbali. Mama akanipigia simu.

"Njoo, mwanangu. Baba yako hafumbui macho. Neno analosema ni moja tu: 'Kitinda kaja?'"

Nikasafiri roho mkononi. Nilitaka kitu kimoja tu, anisikie nikimwambia, "Baba, nimefika."

Wodini nikamkuta kavalishwa hedifoni, zile kubwa za kufunika sikio zima. Kaka yangu mkubwa alikuwa anampigia sauti za ndege kutoka kwenye simu.

"Mvue kidogo niongee naye," nikasema.

"We, acha! Mzee yupo msituni kwake. Unamtoa umwambie nini?"

Nyumbani kwetu kaka akisema, amesema. Nikamshika baba mkono.

Baadaye akaanza kutikisa kichwa. Kushoto, kulia, mpaka hedifoni zikachomoka. Kaka akazirudisha taratibu, machozi yanamlengalenga.

"Mnaona? Anacheza na ndege wake."

Mama akatabasamu. Hata mimi nilitabasamu, Mungu anisamehe.

Midomo ya baba ikacheza. "Kitinda kaja?"

"Nipo, baba! Nimefika!"

Akauliza tena. Nikajibu tena. Akauliza tena.

Kesho yake akakata roho.

Msibani kaka akawa anawahadithia watu jinsi mzee alivyoondoka akiburudishwa na ndege. Mhandisi mwenzake wa zamani, yule waliyekuwa wakienda naye msituni, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, kaka yako anasema ndege gani?"

Nikamweleza. Mzee wa watu akakaa chini.

"Baba yako alikuwa hasikii ndege. Majenereta yalimmaliza masikio. Sauti nyembamba zote zilishampotea siku nyingi. Mimi ndiye nilikuwa namgusa bega, namwonyesha tawi. Anatazama mdomo wa ndege unavyofunguka, anafurahi. Aliwaficha, maana mngemkataza kwenda."

"Na sisi? Alikuwa anatusikia?"

"Mkiwa karibu, vizuri kabisa. Sauti ya mtu haikumpotea."



Kumbe hakuwa anacheza. Baba alikuwa anajaribu kuvua yale madude ili asikie kama nimekuja. Tulimziba masikio kwa upendo, akafa akiniulizia nami nimemshika mkono.

Kaka akaja, macho mekundu. "Mzee yule alikuwa anakwambia nini?"

"Ananipa pole tu."

Sitamwambia. Yeye hasomi mambo ya mtandaoni, ndiyo maana nimeandika hapa. Mzigo huu nitaubeba mwenyewe.

Ila wewe unayesoma, kama una mgonjwa asiyeweza kujieleza, usijifanye unajua anachotaka. Akitikisa kichwa, mwondolee ulichomwekea. Inama, mtajie jina lako, usubiri uone kama ametulia.

Kama baba angetulia, ningejua kanisikia.