Kadi za Majina, na Kiti Nilichompa Mama

Sisi tuliokulia Uthiru enzi zile, daftari likimwagikiwa chai ulijua siku yako imeharibika. Mwalimu alilishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa, akauliza kama kwenu mnasomea jikoni. Jumamosi iliyopita nilishinda kwa binti yangu Nekesa, ghorofa ya saba huko Kileleshwa, nikimsaidia kumwagia karatasi chai. Kwa makusudi. Chai ya rangi, bila sukari, eti sukari inaita sisimizi. Ukishazianika unachoma kingo kwa kiberiti, unafunga uzi wa gunia, na hapo umepata kadi ya kumwonyesha mgeni wa harusi ya Nekesa kiti chake mezani.

"Mum, usizipige pasi! Zikinyooka zitakaa mpya," Nekesa alinikemea. "Tunataka vintage. Ile ya enzi zenu."

Enzi zetu! Niliendelea kuchoma kingo. Kizazi hiki ni hodari. Kwenda dukani lazima simu iwaonyeshe njia, lakini uzee wanautengeneza kwa saa mbili.

Enzi zetu hasa, harusi haikuwa na kadi za mezani kwa sababu haikuwa na meza. Shangazi Rasoa alipoolewa, nikiwa darasa la tano, wageni walikaa kwenye mabenchi ya kanisa, waliochelewa wakakaa nyasini, na sisi watoto tukakaa popote pasipokuwa na mtu mzima wa kututuma. Viti vyenye mgongo vilikuwa vinane tu, tena vya kuazima nyumba kwa nyumba. Kwa kuwa wajomba wawili waliwahi kugombania kiti mbele ya mchungaji, baba aliamua viandikwe majina. Kazi nikapewa mimi, mwenye mwandiko mzuri. Nilikata katoni ya sabuni, baba akanitajia: mchungaji, mkewe, chifu, babake bwana harusi, wazee watatu wa ukoo, na mjomba Wafula.

Niliandika saba. Cha nane, mahali pa mjomba Wafula, nikaandika MAMA.

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Najua tu kwamba mama alipika harusi zote za mtaa wetu na sikuwahi kumwona ameketi kwenye hata moja. Kwake harusi ilikuwa moshi, sufuria, na nyimbo za kusikia kutoka nyuma ya nyumba.

Mjomba Wafula alifika amevaa suti na tai, akasoma viti kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, akarudia tena.

"Nani ameandika hii?"

Baba akanigeukia. Nikanyoosha mkono. "Ni mimi. Mama hajawahi kumwona bibi harusi."

Nilingoja kofi. Baba alikitazama kile kipande cha katoni kwa muda, kisha akazunguka nyuma ya nyumba mwenyewe, yeye ambaye jikoni hakukanyaga, akarudi na mama. Mama alikuwa na leso kiunoni na masizi hadi viwikoni.

"Baba Naliaka, nyama itaungua," mama alilalamika, akimwita kwa jina langu kama kawaida.

"Wacha iungue."

Mama akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Mjomba Wafula alikula akiwa amesimama, akinung'unika kila tonge. Nyama iliungua kweli, na tuliimaliza yote. Shangazi Rasoa alipopita na shela yake, mama alilia mpaka masizi yakamchora mistari mashavuni.

Nilimsimulia Nekesa haya yote. Alinisikiliza vizuri, akasema, "Aki, hiyo ni cute," kisha akaniomba nisiweke chai nyingi.

Sibishi, mambo yamekuwa mazuri. Kila mgeni atakuwa na kiti, na mimi mama wa bibi harusi nitakaa mbele tangu asubuhi nikipunga mkono kama balozi. Chakula kitaletwa na gari kutoka Kilimani. Nilipouliza ni akina nani watakaopika, Nekesa alinishangaa. "Ni kampuni, Mum."

Enzi zetu tulimjua kwa jina kila aliyeshika mwiko, ila hatukumpa pa kukaa. Leo viti ni tele, na mpishi hatumjui hata jina.