Hina Chini ya Glavu

Baba mdogo wangu Isihaka anakata miti kwa chenso, msumeno wa mashine, na kuanzia Mbekenyera mpaka Chunyu wanamjua. Mikorosho ikizeeka ikaacha kuzaa, anaitwa yeye. Kwa anavyojisifu, mkorosho ukimwona anakuja na chenso begani unaanza kulala wenyewe.

Kitu alichokuwa anakidharau ni glavu. Fundi mwenzake, Yunusi wa Mtua, alikuja siku moja kusaidia kazi kavaa zake, na Bamdogo akamuuliza mbele ya watu, "Hina haijakauka, bibi harusi?" Watu walicheka. Yunusi akaendelea kukata mti wake.

Mwaka huu mikono ikamgeuka Bamdogo. Akikata nusu saa tu, vidole vinaingia ganzi mpaka jioni. Alikuwa anaficha, ila mimi nilikuwa naona. Asubuhi anamwachia Mamdogo Fatu amfunge vifungo vya shati, eti ndiyo mapenzi. Halafu wakaja wakwe. Kikombe kikamponyoka, chai yote ikaenda kwenye kanzu ya baba mkwe. Bamdogo akasema kikombe kilikuwa na mafuta.

Wakwe walipoondoka, Mamdogo hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Chenso ile ilinunuliwa kwa ufuta wa shamba lake, na alisema hatangoja mashine imponyoke mumewe kama kikombe.

"Jumamosi utaangusha ule mkorosho wa nyuma ya nyumba," alimwambia. "Ukimaliza utatunga uzi kwenye sindano. Nakupa mara tatu. Ukishindwa, chenso inauzwa, tunanunua mbuzi."

"Mbuzi wa nini sasa?"

"Mbuzi hawatetemeki."

Siku mbili Bamdogo alishinda anaipangusa chenso yake. Ya tatu akaniambia nijiandae, tunakwenda Nachingwea, na nisimwambie mtu tunafuata nini. Ruangwa mjini ni karibu zaidi na maduka yapo, lakini Ruangwa yupo Shangazi Hadija, mtoto wa mjomba wake. Kwetu mabinamu ni watani. Mtani akikuta kitu unachokipenda anakichukua, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Unakigomboa kwa anachotaka yeye. Na Shangazi Hadija kazi yake ni kuwapaka hina maharusi.

Bamdogo alisema nisimwambie mtu. Basi nikampigia Shangazi Hadija simu moja tu, fupi.

Duka tuliloingia lilikuwa la dada mmoja anaitwa Laurencia, mgeni wa mkoa, anauza misumari, rangi na vifaa vya mafundi. Bamdogo aliyaondoa macho yake kwenye vitu vyote akayaweka kwenye glavu za kuchomelea vyuma, ndefu mpaka kiwikoni, nene kama godoro. Alichagua kwa unene, maana kwa akili yake nene ndiyo nzuri. Laurencia hakubishana naye. Alimpa ufagio ashike kama anakata mti, na ufagio ukawa unazunguka tu mkononi. Kisha akaangusha msumari sakafuni, akamwambia auokote.

Bamdogo alichuchumaa akiukimbiza ule msumari kama kuku anayekimbiza panzi.

"Msumari huusikii," Laurencia alisema, "kile kidude cha kupigia resi utakisikia vipi, baba?"

Akamletea za nyuzi zilizopakwa mpira kiganjani. Hizo zilibana, na mshono wa ndani ukawa unamkwaruza katikati ya vidole. Za tatu zilikuwa za ngozi laini, kiganjani zina kijimto, na mkononi zinafungwa vumbi la mbao lisiingie. Ncha za vidole hazikuning'inia wala hazikubana. Ufagio ukatulia. Msumari akauokota mara moja.

"Ngozi ya nini hii?" aliuliza.

"Ya mbuzi."

Bamdogo alinitazama, mimi nikatazama ndoo za rangi.

Laurencia alimweleza kwamba glavu haizuii meno ya mnyororo wa chenso, na mtetemo haiumalizi, inaupunguza tu, kwa hiyo apumzike kabla ganzi haijafika. Bamdogo alikuwa hasikii tena. Alikuwa anafungua na kufunga mikono yake, anatabasamu peke yake. Ndipo Shangazi Hadija akaingia, wala hakusalimia. Akaichomoa glavu ya kushoto na kuitumbukiza kwenye pochi yake.

Niliona shingo ya Bamdogo inavimba. Kisha akakumbuka, ikanywea.

"Haya, mtani. Unataka nini?"

"Hina."

"Kidole kimoja."

"Bibi harusi wa kidole kimoja umemwona wapi wewe? Kumi."

Walivutana mpaka wateja wakaanza kusimama mlangoni. Wakaafikiana vidole vitano vya kushoto, kuanzia ncha mpaka kiungo cha kwanza. Shangazi alikuwa na hina yake tayari kwenye pochi, keshaikoroga kabisa. Bamdogo akaketi kwenye benchi la Laurencia kwa muda wa saa tatu nzima, katandaza vidole kama mtu anayeapa, na Shangazi akamnywesha soda kwa mrija.

Nyumbani glavu ya kushoto haikuvuliwa. Alikula nayo, alilala nayo, kutawadha akaenda nyuma ya choo. Mamdogo alipouliza, alisema anaizoesha mkono.

Jumamosi Yunusi wa Mtua alikuja kuvuta kamba ili mti uangukie upande wa uwazi. Bamdogo alikata kidogo, akazima mashine, akapumzika, akakata tena, na hajawahi kukata hivyo. Mkorosho ulilala pale pale ulipotakiwa kulala. Majirani wakasogea. Mamdogo akatoa sindano.

Bamdogo akaipokea na glavu zake mkononi. Uzi ukapita pembeni. Akaulamba, akajaribu tena, ukajikunja.

"Ngozi hiyo ni ya kukatia miti, siyo ya kutungia uzi," Mamdogo alisema. "Imebaki mara moja."

Bamdogo aliitazama chenso yake, ikiwa bado ya moto juu ya gogo. Akavua glavu ya kulia. Akasita. Akavua ya kushoto.

Vidole vitano, vyekundu kama vya bibi harusi wa jana. Yunusi ndiye aliyesogea karibu, akavikagua kimoja kimoja, bila haraka.

"Sasa imekauka," alisema.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bamdogo mwenyewe alicheka, na uzi ukawa unacheza naye. Akangoja kicheko kimwishe mikononi. Kisha akausogeza taratibu kwa vile vidole vyake vya hina, na uzi ukapita.

Mamdogo akaivuta sindano, akaangalia uzi mbele na nyuma. Akamshika mumewe shati, akakaza kifungo cha juu kilichokuwa kinalegea, akakata uzi kwa meno.

"Chenso inabaki," alimwambia. "Na kuanzia kesho shati ujifunge mwenyewe."