Masika ya Upole na Wazungu Waliotamani Mawe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fagio. Nilikuwa nimetoka shule ya serikali huko pwani, najua kusoma, kuandika na hesabu za desimali, na nilikuwa nimeambiwa naenda boma la Dodoma kuwa karani wa hewa. Bwana Shauri, yaani Mjerumani aliyeitawala wilaya na kuamua kesi zake zote, alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema, "Kwanza fagia uwanja. Vyombo vya hewa havipendi vumbi."

Dodoma, ndugu zangu, na kusipendwe vumbi! Nilifagia mpaka adhuhuri, na upepo ukarudisha kila nilichokiondoa. Jioni ndipo nilipoonyeshwa kazi yenyewe.

Vijana wa leo mnaosikia habari za hewa redioni, ngojeni niwaeleze. Nyuma ya boma palikuwa na kibanda cheupe cha mbao chenye kuta za vipande vilivyolazwa kama magamba ya samaki, ili upepo upite na jua lisiingie. Humo vilining'inia vipimajoto viwili, kimoja kikavu, na kingine kimevikwa kitambaa chenye maji kwenye ncha yake. Tofauti ya hivyo viwili ndiyo iliyotuonyesha unyevu wa hewa. Uwanjani kilisimama kipimamvua, kopo la bati lenye mdomo mpana na faneli ndani. Ofisini kwa Bwana Shauri kilitundikwa kipimahewa, chombo cha duara chenye mshale, ambacho hupima uzito wa hewa. Mshale ukishuka ghafla, kuna tufani. Nilivisoma asubuhi, mchana na usiku, nikaandika, na kila mwisho wa mwezi hesabu ikaenda Dar es Salaam kwa gari moshi.

Niliipenda kazi ile. Nasema hivyo mapema ili msidhani hasira yangu ni hasira ya mtu aliyechukia kazi.

Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa misafara. Ugogo nilikuja mgeni. Nilipanga chumba katika tembe ya mzee mmoja, nje kidogo ya mji kwa upande wa Buigiri. Tembe, kwa wasiojua, ni nyumba ndefu ya miti na udongo yenye paa bapa la udongo. Mwenye nyumba aliitwa Mzee Ndahani. Alikuwa mfupi, mwenye masikio yaliyotobolewa, na sauti ya chini ambayo ilibidi umsogelee ndipo uisikie. Watu wa kijiji kizima walimtegemea kwa mambo ya mvua. Mawingu yakichelewa walikwenda kwake na kondoo mweusi, naye akawaongoza kwenda kuomba kwenye makaburi ya wakubwa wao. Wanawe wawili walikuwa wamechukuliwa kwenda kujenga reli iliyokuwa ikiendelea magharibi, na nyumbani alibaki binti yake, Mbeleje, mjane mwenye mtoto mchanga. Mbeleje ndiye aliyenifundisha Kigogo. Kila nilipokosea aliweka jembe chini acheke vizuri.

Masika yangu ya kwanza, ambayo Ugogo huanza karibu na Krismasi, ilianguka mvua ya mawe.

Mshale ulishuka mchana, mbingu ikawa ya kijani kama shaba iliyochakaa, kisha yakaja. Mawe ya barafu, makubwa kama mayai ya kanga. Bati la boma lililia kwa kishindo mpaka hatukusikiana. Yalipokoma, uwanja wote ulikuwa mweupe. Wazungu wakatoka mbio. Alitoka Bwana Shauri, akatoka Bibi, mkewe, na watoto wao, wakatoka na Wazungu wa reli. Walikuwa wakipiga kelele kama watu waliopata habari za ndugu aliyepotea. Waliyaokota, wakarushiana, wakayatia kwenye vinywaji. Bibi alipiga magoti na kujaza sketi yake, machozi yakimtoka, akawa anasema neno moja tu: shnee, shnee. Ndilo jina la theluji kwa lugha yao.

Sikuwalaumu. Mtu akipenda baridi ya kwao hajamkosea mtu. Nami nilipokuwa shuleni pwani nilikuwa nikililia vilima vya Kondoa.

Lakini jioni nilirudi kwa Mzee Ndahani. Uwele uliokuwa umefika magotini ulikuwa umelala chini, umechanwa kama uzi. Mbuzi walikuwa wamekufa zizini. Mbeleje alikuwa akipita shambani akiinua shina moja moja, likianguka analiinua tena. Hakukuwa na mbegu ya kupanda upya. Mwaka ule nililipa kodi ya chumba changu kwa mahindi niliyonunua kwa Wahindi wa mjini, na hata hivyo niliwaona watu wa kijiji kile wakichemsha mizizi. Mtoto wa Mbeleje alifariki kabla ya kipupwe.

Sasa sikilizeni masika yaliyofuata.

Yalikuja kwa adabu. Sijapima mengine kama yale katika maisha yangu yote. Mvua ilinyesha usiku, ikaacha mchana kwa wakulima. Ilikuwa nyembamba, ya kuzama ardhini, si ya kubomoa. Mshale wa kipimahewa ulikaa mahali pake kama mtu aliyeshiba. Vijijini watu walilima wakiimba. Mlenda uliota hata kando ya reli. Kila nilipopita niliamkiwa, "Mbukwenyi!" kwa sauti ambazo mwaka uliopita hazikuwa na nguvu ya kuamkia mtu.

Na bomani? Bomani kulikuwa na msiba.

Bibi alikuwa ameandika kwao kwamba Dodoma nako hupata Krismasi nyeupe. Alikuwa amefuma glavu za sufu kwa ajili ya watoto. Mabeseni yalipangwa uwanjani ili yapokee mawe, nayo yakajaa maji matamu ya mvua, ambayo yalimwagwa kila asubuhi. Yalimwagwa, nawaambia, katika nchi hii! Bwana Shauri alikuwa akija ofisini akigonga kioo cha kipimahewa kwa kidole, akitaka mshale ushuke. Ukikataa kushuka alinikasirikia mimi.

"Hali ya hewa gani hii?" aliniuliza siku moja. "Joto, manyunyu, joto, manyunyu. Haina maana."

"Ni njema kwa shamba, Bwana Mkubwa."

"Nimekuuliza habari za shamba?"

Krismasi ikapita. Bibi akajifungia chumbani. Wazungu wa reli wakakaa barazani wamenuna, wakilaumu mbingu kama watu waliodhulumiwa. Ndipo akida alipojipendekeza. Akida alikuwa mtu wa pwani aliyewekwa na serikali kuwasimamia majumbe wa vijiji, na alikuwa hodari wa kujua bwana anataka kusikia nini.

"Bwana," alisema, "yuko mzee mmoja mwenye mvua mkononi. Yale mawe ya mwaka jana yalikuwa yake."

Siku ya pili askari walimleta Mzee Ndahani. Nikaitwa kutafsiri. Bwana Shauri alikuwa ameketi, mguu juu ya mguu. Mpaka leo sijui alianza kwa mzaha au kwa kweli, lakini najua alivyomaliza.

"Mwambie nataka mvua ya mawe. Kabla mwezi huu haujaisha."

Niligeuka kumtazama, nikidhani anatania.

"Tafsiri!"

Nikatafsiri. Mzee alinitazama kana kwamba neno lile limetoka kichwani mwangu.

"Rudia, mwanangu. Sijasikia vizuri."

Nikarudia. Akafikiri, kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mvua ni ya Mulungu. Sisi huomba tu. Tangu baba yangu aniachie kazi hii, watu wamekuja kwangu kuomba mvua inyeshe. Wamekuja kuomba mawe yapite mbali. Hajaja mtu kuomba mawe. Muulize huyu bwana, ameona yanafanya nini?"

Nikamweleza Bwana Shauri. Akida akadakia, "Anaweza, bwana. Hataki tu."

"Basi atakaa hapa mpaka yaanguke," akasema Bwana Shauri.

Nilikuwa kijana, nina kazi ambayo wenzangu waliitamani, na nilijua hamsa ishirini ni nini, maana viboko vile ishirini na vitano vilipigwa uwanjani kwetu tukiangalia. Hata hivyo nilisema, "Bwana Mkubwa, huyu hana mawe. Na yakianguka sasa, watu watakufa njaa kama mwaka jana. Katika nyumba yake walizika mtoto."

Alinyanyuka, akanipiga kofi, kofia ikaruka.

"Uwele wenu huota kila mwaka," alisema. "Wewe pima hewa. Usinipime mimi."

Mzee Ndahani alivishwa mnyororo wa shingo pamoja na wezi wa ng'ombe, akapelekwa kuponda kokoto za reli. Chakula cha wafungwa kilikuwa kama hakuna, kwa hiyo Mbeleje ilimbidi amletee baba yake uji. Hapo ndipo pa kunitia uchungu hadi leo. Kuja mjini na kurudi kulimla asubuhi nzima. Siku aliyoleta uji hakupalilia, na siku aliyopalilia baba yake alishinda na njaa. Kaka zake walikuwa relini. Mimi nilikuwa nikimaliza kipimo cha mchana nakimbilia shambani kumsaidia, lakini ilibidi nirudi kwa kipimo cha usiku, na mikono ya karani si mikono ya mkulima. Majirani walisaidia walipoweza, ila kila mmoja alikuwa akiliwahi shamba lake kabla magugu hayajamshinda.

"Acha uji," nilimwambia siku moja. "Nitampa mimi mkate wangu."

"Mkate wako ataula?" akajibu. "Ataniuliza mimi niko wapi. Atadhani nimekufa."

Mvua ikaendelea na upole wake. Mashamba ya Ugogo yote yakafunga mbegu. Shamba la mtu aliyewaombea wote likamezwa na magugu, nusu yake isionekane. Na kila siku nilipovuka uwanja kwenda kusoma kipimamvua, nilimsikia Bibi barazani akimlalamikia mgeni huyu na yule: mwaka mbaya, mwaka mbaya sana, hata punje moja ya barafu!

Mwaka mbaya! Nilitamani kumshika mkono nimpeleke akaone mabua yalivyoinama kwa uzito.

Masika yalipokwisha, Bwana Shauri alikwenda likizo Ulaya, kwenye theluji yake, pamoja na mkewe na watoto. Hakukumbuka kwamba kuna mtu mwenye chuma shingoni kwa amri yake. Bwana mpya alipofika alikagua wafungwa mmoja mmoja, nami nikatafsiri tena.

"Huyu ameiba nini?"

Akida akababaika. "Hakuiba, bwana. Alikataa kuleta mvua ya mawe."

Bwana mpya alidhani hakusikia vizuri. Alipoelewa alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akawaita wenzake waje wasikie, nao wakacheka. "Mfungueni," alisema akijifuta macho. "Mwambieni aende nyumbani."

Hakuna aliyesema pole. Mzee Ndahani alisimama akijisugua shingo, akaniuliza, "Wanacheka nini?" Nikamwambia sijui. Tukatembea hadi kwake polepole, kwa sababu magoti yake yalikuwa yameharibika. Alipoliona shamba lake katikati ya mashamba yaliyovunwa, aligeuza uso, akaingia ndani.

Niliomba uhamisho. Nilipelekwa Kondoa, baadaye nikafungua kituo kidogo cha kipimamvua huko Kolo chini ya msimamizi wa mashamba, Mjerumani mtulivu ambaye hakunipiga wala kunitukana. Vita vilipokuja, Wajerumani wakaondoka na Waingereza wakaingia. Vipimajoto vikabadilika namba kufuata vipimo vya Kiingereza, kibanda kikabaki kilekile cheupe. Nilihudumu chini ya mabwana wengi. Nilistaafu macho yalipoanza kushindwa kusoma mistari midogo ya kioo, na wakubwa wakanipa saa ya mfukoni na maneno mazuri.

Baada ya vita nilirudi kumtafuta mzee. Alikuwa amekwisha kufariki. Nilimkuta Mbeleje, ameolewa tena, nywele zimeanza mvi. Alinipa ugali wa uwele na mlenda, na tulipokula nilimuuliza kama baba yake alikufa na chuki juu ya ule mnyororo.

"Mnyororo hakuutaja," alisema. "Alikuwa akisema juu ya yale maombi ya mawe. Mpaka mwisho alikuwa akiniuliza: mtu anawezaje kuona watoto wa wenzake wamezikwa, halafu akaomba iwe tena vile?"

Sasa nasikia vijana wakisema Wajerumani walikuwa wakali lakini wa haki, na kwamba walijenga reli na maboma yasiyobomoka. Maboma nayajua, niliyafagia. Wajukuu wangu nao, kwa wema wao, huniambia, "Babu, ni zamani sana, samehe." Huwauliza: nimsamehe nani? Mimi nimekaa hapa Kondoa miaka yote hii, mlango wangu uko wazi, na hakuna aliyekuja kuomba.