Mzazi Asiyetembelewa

Mzee Rémy Kalonji hakuwahi kuiba kitu maishani mwake, isipokuwa karatasi nne. Alizichana kwenye gazeti kuukuu la Kifaransa katika chumba cha kusubiria cha daktari wa macho, kule Lubumbashi. Alikohoa kwa nguvu ili mlio usisikike, akazikunja na kuzitia mfukoni mwa shati. Mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, tena mzee wa parokia! Lakini alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuambiwa habari mbaya, na mimi siwezi kumlaumu.

Habari yenyewe ilikuwa hii: ugonjwa ulikuwa unamla katikati ya jicho. La kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia lilikuwa linafuata. Hangekuwa kipofu wa kushika fimbo, alisema daktari, maana pembeni angeendelea kuona. Kitakachopotea ni kile atakachokitazama sawasawa: uso wa mtu, herufi, tundu la sindano. Mvua za mwaka huu pengine zingemkuta bado anasoma kidogo. Za mwaka ujao daktari hakuziahidi.

Rémy alizaliwa Likasi, mtoto wa Mkasai, mtu wa mkoa wa Kasai, aliyeletwa kwa treni kuchimba shaba, na kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika maabara ya kiwanda. Mawe ya mgodi wa Kamatanda yalimfikia mezani yakiwa unga, na yeye ndiye aliyesema mna shaba kiasi gani. Alitazama tone likibadilika rangi ndani ya mrija wa kioo, akajua. Jicho ndilo lililomlisha, yeye na mkewe na watoto wanne. Siku ya kustaafu alipewa sanduku la mirija iliyokuwa itupwe. Akaibeba hadi nyumbani kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai, na mkewe Angèle akamuuliza watapikia nini humo.

Zile karatasi nne zilizungumzia sisimizi. Alizisoma kwa kioo cha kukuzia siku tatu, mstari kwa mstari, na kila alipofika mwisho wa ukurasa alikiweka kioo chini kwanza. Kumbe sisimizi wote tunaowafagia uani wana mama mmoja! Mabawa yake huyatumia siku moja tu ya maisha yake. Huruka baada ya mvua ya kwanza, huolewa hukohuko angani, hushuka chini, kisha huyang'oa mabawa yake mwenyewe. Hujichimbia shimo na kufunga mlango kwa ndani. Humo hali chochote. Ile misuli aliyorukia, kwa kuwa haina kazi tena, mwili wake huiyeyusha kidogokidogo ikawa chakula cha watoto. Watoto wa kwanza, wadogo mno, ndio wanaofungua mlango na kwenda kumtafutia mama yao tonge la kwanza. Na yeye anaweza kuishi miaka kumi na mitano bila kutoka tena.

Ukurasa wa mwisho ulieleza namna ya kumlea nyumbani: mrija wa kioo, maji kidogo, pamba, malkia, kisha pamba tena. Rémy akainua macho kulitazama sanduku juu ya kabati. Hapohapo akaamua. Kabla jicho halijaisha, atamwona sisimizi wa kwanza akitoka kwenye kifuko chake. Hakutaka kingine.

Lakini kulikuwa na sharti. Mama huyo awekwe gizani, asiguswe wala asichunguliwe, maana akisumbuliwa huyala mayai yake mwenyewe. Yaani mtu anayekimbizana na jicho lake anaambiwa asitazame. Rémy alicheka peke yake alipoisoma sentensi hiyo, kicheko kisicho na furaha.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumanne moja ya Novemba, mchana. Ilipokatika, mtaa mzima ulitoka na mabeseni kuokota kumbikumbi, ambao Likasi huitwa inswa, na ambao Angèle huwakaanga kwa chumvi mpaka majirani wanabisha hodi bila sababu. Rémy peke yake alikuwa amepiga magoti kwenye matope.

"Papa Carine, unatafuta nini kule?" Angèle alimpigia kelele, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza kama siku zote. "Inswa beko huku!"

"Minye siko natafuta inswa. Natafuta ile iko na kiuno."

"Kiuno!" Angèle akaliweka beseni chini acheke vizuri. "Na miaka yako yote ile, ungali unatafuta kiuno?"

Ni kweli lakini. Kumbikumbi ni mnene moja kwa moja, ila malkia wa sisimizi amebanwa katikati utadhani amefungwa uzi. Rémy alikwisha jua hila ya jicho lake: akitazama mbele, haoni, akitazama kando kidogo, mdudu anatokea. Kwa kutazama kando akapata watatu, weusi, kila mmoja urefu wa kucha. Wa tatu alianza kujivua mabawa palepale kiganjani. Aliliinamisha moja kwa mguu, akalisukuma, likadondoka, halafu la pili, bila haraka, kama mama anayevua nguo ya misa akijua kazi inamngoja. Rémy akajikuta ameshafanya ishara ya msalaba.

"Na hiyo ni nini?" Angèle aliuliza, akichungulia begani kwake.

Hapa ndipo alipokosea. Gazeti lilikuwa limemwita *fondatrice*, mwanzilishi. Angesema hivyo, au angesema *reine*, malkia, yasingetokea yaliyotokea. Lakini alikuwa ameguswa moyo, akachagua neno la nyumbani.

"Ni muzazi," alisema.

Na mzazi, katika mji ule, ni mwanamke aliyetoka kujifungua. Haachwi peke yake. Huletewa uji, huletewa samaki, hujaziwa nyumba na wanawake mpaka akose pa kulalia. Angèle alikuwa hajakosa kumtembelea mzazi hata mmoja wa mtaa wao.

"Banamupatiaka nini?" aliuliza jioni ile, Rémy alipokuwa anaifunika mirija mitatu kwa kitambaa cheusi ndani ya kabati.

"Hakuna kitu."

"Hata uji?"

"Hata uji. Hakule, Mama Carine. Miezi mbili."

Angèle aliutazama mlango wa kabati, akarudi jikoni. Wiki mbili tatu zilipita hivyo. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikatika mara nyingi, mtaa ukanung'unika, na Rémy akakaa sebuleni akitabasamu. Giza lilikuwa upande wake.

Siku ya ishirini alijiruhusu kuchungulia mara moja tu. Alifunua kitambaa, akauleta mrija wa kwanza dirishani, akautazama kwa kando. Ndani mlikuwa na kitu cheupe chenye manyoya. Ilikuwa ukungu, ule unaoota juu ya chakula kilicholala, na chini ya ukungu palikuwa na tonge la bukari, ugali wa kwao, kubwa kuliko malkia mwenyewe, na mnofu wa samaki wa ziwa Tshangalele. Malkia alikuwa amelala chali. Wa pili vilevile. Wa tatu tu, ambaye mrija wake ulibingirika ukaingia nyuma ya viatu, alikuwa mzima, amesimama juu ya mayai yake.

"Nani alifungua?"

"Minye," alisema Angèle kutoka mlangoni.

"Nilikuambia hakule!" Rémy hakuwahi kumpigia mkewe kelele namna ile. "Jicho yangu inaisha! Nilikuwa na batatu, sasa niko na moya, juu ya bukari yako!"

"Ulisema ni muzazi." Sauti ya Angèle ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Muzazi, banamufungia mu giza, bila kitu, miezi mbili? Weye mwenyewe ulinionaka mule mu gare. Minye siwezi kuacha mutu vile."

Rémy akaketi kitandani. Gare. Miaka thelathini na miwili hawakuwa wamelitaja neno hilo kwa namna ile.

Ilikuwa mwaka tisini na tatu, watu wa asili ya Kasai walipoitwa wageni wakafukuzwa majumbani mwao. Walilala kwenye gare, kituo cha treni cha Likasi, maelfu yao, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo wengi hawakuwa wameiona. Carine alizaliwa pale, chini ya kipande cha plastiki. Hakuna aliyekuja na uji. Wanawake ambao wangekuja walikuwa wamelala kando ya reli wenyewe, na watoto wao. Rémy alihangaika kutafuta maji siku tatu, na kila aliporudi alimkuta mtoto ananyonya. Walifika Mwene-Ditu, mji wa Kasai, wakakaa miaka sita, wakarudi. Mtoto alikua. Na yeye, mtu wa kupima kila kitu, hakuwahi kujiuliza yale maziwa yalitoka wapi.

"Ulikuwa unakula nini, Mama Carine?" aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Na maziba ilitokea wapi?"

Angèle alitazama mikono yake. "Mu mwili," alisema.

Rémy akazitoa zile karatasi za wizi. Hakuweza tena kuzisoma vizuri, lakini alizijua kwa moyo. Akamweleza habari ya misuli ya mabawa, jinsi inavyoyeyuka ikawa chakula, na jinsi mama anavyobaki mwepesi na watoto wanabaki hai. Angèle alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka, akauchukua mrija wa tatu, akauviringisha ndani ya kitenge chake cha harusi.

"Huyu nitamuficha minye," alisema. "Sitamufungua. Na weye hautajua eko wapi, juu nakujua, utaangalia."

Alimjua kweli. Desemba ilipoingia Rémy alitafuta chini ya kitanda, nyuma ya magunia ya unga, hata ndani ya sufuria kubwa ya sikukuu. Siku ya Noeli alisimama kusoma somo kanisani na katikati ya kila neno akakuta doa la kijivu. Akamaliza kwa kukumbuka. Njiani kurudi alimshika Angèle mkono.

"Nionyeshe leo. Mara moya tu. Kesho pengine sitaona."

Angèle alitembea hatua kadhaa akijifuta macho. "Unataka kumuona," alisema mwishowe, "ao unataka batoto yake bakuwe?"

Rémy hakuomba tena.

Ilikuwa asubuhi ya Januari, siku ya hamsini na nane, ambapo Angèle alimwita kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia kwake tangu wakiwa vijana. Alimketisha dirishani penye mwanga, akamwekea mrija mkononi, akauinamia naye, mashavu yao karibu kugusana.

Rémy alitazama. Mrija ulikuwapo pembeni, mkono wake ulikuwapo, lakini mahali penyewe palikuwa na lile doa. Jicho lilikuwa limekwisha.

"Sione kitu," alisema polepole. "Niambie weye."

"Minye ninaogopaka badudu, unajua."

"Niambie."

Angèle akavuta pumzi. "Beko badogo, Papa Carine. Rangi ya chai ya maziba. Moya... mbili... tatu, ine. Kuko na ingine inatoka sasa hivi, mama yake anamusaidia, anamuvuta na kinywa! Yesu wangu. Anamupanguza." Akainua kichwa. "Sasa anaweza kula?"

"Sasa anaweza."

Alikuwa ameshaandaa. Tone la asali kwenye ncha ya kijiti cha kiberiti, alilipitisha kando ya pamba kwa mkono uliotulia kuliko mkono wowote Rémy aliowahi kuujua maabara.

"Moya amekuya," alinong'ona. "Anakunywa. Tumbo yake inajaa, inakuwa sawa kioo. Sasa anarudia nyuma. Anaenda kwa mama. Anamusimamia mbele, anafungua kinywa... Papa Carine. Anamuletea mama yake. Anamukulisha!"

Rémy alikuwa bado amekaza jicho kwenye mrija, kwenye doa la kijivu. Na pembeni mwa doa, wazi kabisa, palikuwa na uso wa mkewe, mdomo umeachwa wazi, machozi yanashuka na hayafutwi, uso wa mtu anayeuona ulimwengu ukiumbwa. Alitaka kumgeukia. Lakini alijua kwamba akimgeukia tu, atampoteza. Akaendelea kuutazama mrija.