Mama Alikataa Kupanda Lori Langu

Shule niliishia darasa la nne, lakini leo ufuta wa kijiji chetu cha Likawage hautoki bila malori yangu, na hilo muulize yeyote. Siku ya uchaguzi nilipeleka lori moja shambani, tunakohamia msimu wa kusafisha mashamba, nimchukue mama. Kituo cha kura kiko kijijini, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na magoti yake mabovu.

"Shikamoo mama. Panda twende."

"Marahaba. Sipandi. Nikishuka kwenye lori lako watasema kura yangu umeinunua."

"Mimi si mwanao?"

"Ndiyo maana watasema. Kwa mdomo wako huo, nani hajui unamtaka nani?"

Nikaliacha lori, nikamfuata kwa miguu, mimi mwenye malori matatu. Alikaa chini kupumzika mara nne. Tulifika wanakaribia kufunga, akapiga kura yake.

Tangu hapo, kila mkutano wa kijiji nasimama kudai kituo kisogezwe mashambani, watu waliko. Wapo wanaosema anayeitaka kura ataifuata. Nawajibu kwamba mama aliifuata, nami nilikuwa nyuma yake nikiyatazama magoti yale. Sitakaa chini mpaka kituo kifike.